Hesabu za Advance au BAM: nani hasa huchagua?

Kuna neno moja ambalo sisi Watanzania tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Neno lenyewe ni kuchaguliwa. Mtoto wa jirani amechaguliwa kidato cha tano. Amechaguliwa PCM Ilboru. Mwingine amepangiwa HGL huko Songea, na mama yake anatafuta nauli na tranka. Sikiliza vizuri vitenzi hivyo, ndugu msomaji. Mwanafunzi hafanyi kitu, anafanyiwa. Halafu miaka mitatu baadaye, akiwa chuoni, anakutana na mtu anamuuliza kwa mshangao, "Sasa wewe kwa nini ulichagua BAM badala ya Advance?"

Alichagua lini?

Kwa waliosahau (na wale waliokimbilia HKL mapema wasije wakaachwa nyuma), mambo yako hivi. Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita anaweza kukutana na hesabu za aina mbili. Kuna hesabu za Advance, ile M iliyomo kwenye PCM, EGM na PGM. Hilo ni somo kamili, namba 142 kwenye mtihani wa Baraza, lina karatasi mbili na pointi zake zinaingia kwenye daraja lako. Halafu kuna BAM, namba 141, karatasi moja tu, wanayosoma watu wa PCB, CBG, ECA na wenzao. Alama yake inaandikwa kwenye cheti lakini haiingii kwenye hesabu ya daraja. Kote kuna kalkulasi, kote kuna takwimu na uwezekano. Tofauti ni kina: wa Advance anakwenda mpaka namba changamano, vekta na mantiki, wa BAM anaishia kwenye yale yatakayomsaidia kwenye baiolojia, jiografia au uchumi wake. Na kwa kuwa haibebi pointi, BAM husomwa usiku wa kuamkia mtihani. Tusidanganyane.

Nimeona ushauri mwingi wa namna ya kuchagua kati ya hizo mbili. Karibu wote unamchukulia mwanafunzi kama mtu aliyesimama dukani mbele ya rafu. Mimi nataka kuuliza swali la kihistoria: tangu uhuru, nani amekuwa akiamua mtoto wa Tanzania asome hesabu zipi?

Jibu moja liko Kaloleni, hapa hapa Arusha, mahali ambapo maelfu tunapita kila siku na daladala bila hata kugeuza shingo. Pale Barabara ya Makongoro, karibu na kipilefti ya Mnara wa Mwenge, kuna jengo dogo la Makumbusho ya Azimio la Arusha. Kabla ya kuwa makumbusho lilikuwa ukumbi wa jamii wa watu wa Kaloleni. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa mwishoni mwa Januari 1967 na kupitisha Azimio, lililotangazwa Februari 5. Makumbusho yakafunguliwa 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi. Watu wakiingia pale hutafuta habari za mabenki na mashamba yaliyotaifishwa. Mimi nasema kombi yako ya kidato cha tano nayo ina asili yake katika fikra zilizojadiliwa kwenye ukumbi ule, hata kama wewe ulizaliwa wakati Azimio lenyewe limeshazikwa Zanzibar.

Mwezi mmoja tu baada ya Azimio, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Lakini ndani yake kuna takwimu zinazotisha. Mwaka 1961, nchi ilipokuwa inapata uhuru, wanafunzi wote wa sekondari walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Nchi nzima! Leo shule moja ya Advance inaweza kuwa na zaidi ya hao. Mwaka 1967 sekondari walikuwa wamefika 25,000 na kidato cha sita 830. Katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari, na elimu ilikuwa inakula zaidi ya asilimia 20 ya mapato ya serikali.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mpangaji wa serikali wa wakati ule. Una vijana 830. Unahitaji madaktari, wahandisi, wapima ardhi, walimu wa sekondari, mabwana shamba, na nafasi hizo nyingi zimeshikwa na wageni. Utamwacha kijana ajichagulie kwa kufuata moyo wake? Hukumwacha. Tangu 1962 serikali ilikuwa imefanyiwa utafiti wa mahitaji ya wataalamu na George Tobias, chini ya ufadhili wa Ford Foundation. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa 1964 ukaweka lengo kwamba kufikia 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu. Nafasi za kidato cha tano, ngapi za sayansi na ngapi za sanaa, zikawa zinakatwa kwa kufuata makadirio hayo. Anayepewa M kwenye kombi yake alikuwa ni sehemu ya jedwali la mhandisi wa mwaka fulani ujao.

Na kulikuwa na upande wa pili wa mkataba. Karo za sekondari zilifutwa 1964. Aliyesomeshwa chuo kikuu kwa fedha za serikali alitakiwa kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu, Dar es Salaam, kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambako kwa sehemu kubwa ya muda wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye wakubwa wakakaa Kaloleni. Haya mambo mawili hayakutokea karibu karibu kwa bahati mbaya. Hoja ilikuwa moja: taifa maskini limekulipia, kwa hiyo kichwa chako kina deni. Unaweza kuipinga hoja hiyo, lakini kwa idadi ile ya wanafunzi ni vigumu kuicheka.

Hesabu zenyewe zilikuwa zipi? Hapa historia inachekesha kidogo. Nchi ilikuwa huru, mtihani wa kidato cha sita ulikuwa wa Cambridge. Wakati huo huo Marekani ilikuwa imeshtuka. Mwaka 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, Wamarekani wakaamua kwamba wameachwa nyuma kwa sababu watoto wao wanafundishwa hesabu za kizamani. Wakabuni "hesabu mpya": seti, mantiki, miundo, badala ya kukariri. Ule mshtuko ukavuka bahari ukatua Entebbe, Uganda, ambako kuanzia 1962 walimu wa Kiafrika, Waingereza na Wamarekani walikutana kila mwaka kuandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya Afrika. Kwa hiyo vijana wa Afrika Mashariki wakajikuta wanachora duara za seti kwa sababu mpira wa chuma ulikuwa unalia biip biip juu ya vichwa vya watu wa Washington. Kenya ilizipiga marufuku rasmi hesabu hizo mwaka 1981. Seti na mantiki, hata hivyo, ziko mpaka leo kwenye silabasi yetu ya Advance.

Tanzania Bara ilijitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na 1973 likazaliwa Baraza letu, NECTA. Mwaka huo huo wa 1973 ndipo Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hili watu hulipita haraka mno. Kabla ya hapo, wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichovunjika 1970, kazi ziligawanywa: Dar walipewa sheria, Makerere udaktari, Nairobi uhandisi. Mtanzania mwenye PCM nzuri aliyetaka kuwa mhandisi ilibidi avuke Namanga. Baada ya 1973 M ikapata mlango hapa nyumbani, na thamani yake ikapanda.

Lakini je, mfumo huu wa kumpangia mtu uliona kila kilichokuwa kichwani mwake? Mfano ninaoupenda ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari kule Lushoto, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye friji yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Na kuanzia hapo, Mpemba mwenyewe ameeleza, kila alipokosea kitu kwenye hesabu, kama kusoma vibaya jedwali la logariti, darasa zima liliita kosa lile hisabati ya Mpemba. Mpaka alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akamuuliza mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na jina la kijana wa Kitanzania limo vitabuni. Yeye wakati huo alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, pale juu ya Moshi, na maisha yake ya kazi yakawa kwenye wanyamapori. Sisemi alionewa, nchi yenye Serengeti inahitaji watu wa wanyama. Nasema tu kwamba jedwali la wataalamu halina safu ya mtu anayeuliza maswali mabaya.

Arusha nayo ilikuwa na njia yake ya tatu, ambayo washauri wa leo huisahau kabisa. Mwaka 1978 kilianzishwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hakulazimika kuwaza Advance wala BAM. Alikwenda kusoma FTC miaka mitatu, na humo alikuta hesabu za uhandisi zikiwa zimefungwa kwenye mashine: mkazo wa chuma, mzunguko wa umeme, mteremko wa barabara. Mji ulikuwa na viwanda vya kuwapokea, General Tyre kikiwemo. Mafundi sanifu wa kizazi kile ndio waliosimamia nusu ya mitambo unayoiona imesimama Kaskazini, mingine ikiwa na kutu. Viwanda vilipoanza kufa, FTC ikaonekana njia ya walioshindwa, na kila mzazi akataka mwanae aende Form Five. Hapo nadhani tulipoteza kitu kikubwa kuliko tunavyokiri.

Wasichana ilikuwa hadithi nyingine. Miaka ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Kisia mwenyewe sayansikimu ilipelekwa shule za nani. Na shule za ufundi, ambazo ni kati ya shule chache zilizofundisha hesabu za ziada kidato cha tatu na nne, zilianza zikiwa za wavulana. Binti aliyefika kidato cha tano akitaka PCM alikuwa ameshaachwa hatua mbili kabla filimbi haijapulizwa.

Haya, turuke mbele. Miaka ya 1990 shule binafsi zikaruhusiwa kuota, vyuo vikuu vikaongezeka, na miaka ya 2000 ukaja MMES, ule mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza 2004. Shule za kata zikamea kila kilima. Idadi ile ya 830 ikawa simulizi. Kimantiki hapa ndipo kuchagua kungeanza: nafasi nyingi, ajira siyo za serikali peke yake, hakuna tena jedwali la 1980. Lakini kilichokosekana ni mwalimu. Wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, na wanafunzi, ambao hawakosi jina, wakawaita Vodafasta, kama ile vocha ya simu. Baadhi yao walikuwa walimu wazuri kweli kweli, tuwatendee haki. Lakini huwezi kujenga hesabu za nchi kwa vocha.

Matokeo yake yako kwenye namba. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, ni kama mwanafunzi mmoja tu kati ya watano aliyefaulu hesabu za kawaida. Maana yake wanne kati ya watano walikuwa wameshatolewa kwenye mjadala wa Advance au BAM kabla fomu haijawafikia. Hawakuchagua wala hawakuchaguliwa.

Serikali nayo ilijaribu njia ya mkato. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kuchukua wahitimu wa kidato cha nne moja kwa moja kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu. Mei 2016, baada ya masomo kusimama kwa mgogoro na wahadhiri, zaidi ya 7,000 waliamriwa kurudi nyumbani, tena kwa muda mfupi sana, na neno "vilaza" likatawala magazeti. Baadaye baadhi walihamishiwa vyuo vya ualimu. Kichekesho kichungu ni kwamba rais wa wakati huo, John Magufuli, mwenyewe alikuwa amefundisha kemia na hesabu Sengerema Sekondari. Yaani aliyejua kwa mikono yake mwenyewe upungufu huo ukoje ndiye aliyefunga mlango. Kuna wanaosema alilinda viwango. Mimi naona vijana wale walikwenda walikoitwa, na walioita hawakuguswa.

Majirani nao wanahangaika na swali hili hili. Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliwalazimisha wa kombi za sayansi na uchumi zisizo na hesabu wasome hesabu ndogo, binamu kamili wa BAM. Kenya iliifuta Advance yote, wa mwisho wakafanya mtihani 1989, ikabaki na 8-4-4 ambamo kila mtu alisoma hesabu moja mpaka mwisho. Mfumo wao mpya ulipotaka kuzifanya hesabu za hiari sekondari ya juu, wazazi na walimu walipiga kelele, na mwaka 2025 Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba zitakuwa lazima kwa wote, ila kwa ngazi mbili: za msingi mzito kwa wa sayansi na teknolojia, na nyepesi kwa wengine. Yaani wamezunguka miaka 35 wakafika pale pale tulipo sisi.

Sisi tukaenda upande mwingine. Machi 2024 Waziri wa TAMISEMI, Mohamed Mchengerwa, alitangaza kwamba tahasusi (ndilo jina rasmi la kombi) zimeongezeka kutoka 16 hadi 65. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne 2023 aliingia kwenye mfumo wa Selform kwa simu ya baba yake na kukuta hesabu zimeunganishwa na masomo ambayo sisi hatukuwahi kuota yangekaa meza moja. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru rafu ya dukani ipo kweli. Nafurahi, sitajifanya sifurahi. Lakini mfumo ule ule, baada ya kubofya, bado unakupangia shule na kombi kwa kuangalia ufaulu wako na nafasi zilizopo, na idadi ya walimu wa hesabu haikupanda mara nne siku ile tahasusi zilipopanda mara nne.

Kwa hiyo ninapoulizwa na wadogo zangu wachague nini, sianzi na ugumu wa somo. Namwambia kwanza ulizia shule ile ina mwalimu wa Advance anayeingia darasani, siyo anayesomeka kwenye orodha. Halafu fungua mwongozo wa udahili wa TCU, nenda kwenye fani unayoitaka, soma mstari mdogo unaofuata majina ya masomo. Uhandisi wataitaka Advance bila mjadala. Uchumi, biashara na fani kadhaa za kompyuta mara nyingi utakuta masharti ya namna hii: asiye na ufaulu wa hesabu za Advance awe angalau na S ya BAM, au alama fulani ya hesabu za kidato cha nne. Binti wa PCB aliyekosa udaktari na sasa anataka takwimu au kompyuta, mlango wake wote unaning'inia kwenye ile karatasi moja namba 141, aliyoisoma usiku mmoja kwa sababu aliambiwa haibebi pointi.